Mcheza Kwao Hutunzwa? Somo la Methali na Kandanda

Goti langu la kulia bado lina kidonda cha mechi ya juma lililopita. Mwaka huu wenzangu wameandika juu ya ngeli, ushairi na barua rasmi. Mimi nimepewa methali moja tu, na kusema kweli nilijitafutia mwenyewe. Ilikuwa hivi.

Likizo ya Agosti nilifika nyumbani na habari moyoni. Mkufunzi wa shule moja ya mbali, inayosifika kwa soka ya wasichana, alikuwa amenitazama nikicheza katika mashindano ya muhula wa pili. Aliniambia kwamba, wazazi wakikubali, angeniombea nafasi huko, na sehemu ya karo ingepunguzwa. Nilingoja baba amalize kunywa chai, nikamweleza. Baba aliweka kikombe chini, akatazama migomba kwa muda, kisha akasema, "Wewe utabaki hapa hapa Manga. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa." Mazungumzo yakaishia hapo. Kwetu baba akishawataja wahenga, hakuna rufani.

Muhula wa tatu ulipoanza, bahati ikanifuata. Katika mkutano wa chama tulijadili methali, na ile ya baba ikawa ya tatu kwenye ubao. Ndugu mmoja wa kidato cha nne aliifafanua vizuri sana, tukampigia makofi. Ndipo nikainua mkono. "Kama mcheza kwao hutunzwa, mbona Jentrix Shikangwa alikwenda kucheza Uturuki?"

Darasa liliangua kicheko. Halafu sauti moja nyuma ikauliza, "Shikangwa ni nani kwani?" Kicheko hakikuniuma. Swali hilo ndilo lililoniuma. Hapa Gusii wazee bado watakusimulia Henry Motego wa Shabana na mabao yake kana kwamba yalifungwa jana, na kila kijana anajua kupiga kelele za "Tore Bobe!" Shabana wakicheza. Lakini msichana aliyeifungia Kenya mabao ya ubingwa hajulikani na wenzake wa rika.

Mlezi wa chama akaniangalia, akasema, "Wewe uliyeuliza, utajibu mwenyewe. Andika makala." Basi haya ndiyo majibu yangu.

1. MAANA YA METHALI

Tuanze na maneno yenyewe. "Kucheza" hapa kwa asili hakuhusu mpira. Ni kucheza ngoma. "Kutunza" nako hapa si kuhifadhi kitu kama vile kutunza vitabu. Ni kumpa mchezaji zawadi, yaani tuzo, kwa kufurahishwa na uchezaji wake. Katika ngoma za pwani, mchezaji akivuma, watazamaji husogea wakamtuza pesa au leso. Mtu akicheza mbele ya watu wake, wanaomjua yeye na wazazi wake, zawadi hazikosi. Akicheza ugenini, huenda wakamtazama tu.

Kwa hivyo methali inafunza kwamba mtu anayefanya jambo nyumbani kwao hupata msaada na heshima kuliko anayelifanya mbali. Hadi hapo baba yuko sawa, na ndugu wa kidato cha nne alistahili makofi yake.

Lakini methali ni kama dawa, lazima ujue inatibu nini. Tuipime basi kwa maisha ya mchezaji mmoja.

2. MSAMIATI UTAKAOHITAJI

Kwa wale ambao uwanjani huenda kushangilia tu, haya ni maneno machache ya kabumbu:

Mshambuliaji: mchezaji wa mbele ambaye kazi yake kubwa ni kufunga mabao. Huitwa pia mfungaji au mfumaji wa mabao.
Kutikisa wavu: kufunga bao.
Kuotea: kumtangulia mlinzi wa mwisho kabla pasi haijapigwa. Kibendera huinua bendera na bao hukataliwa.
Muda wa nyongeza: dakika 30 zinazoongezwa timu zikitoka sare katika mechi ambayo lazima apatikane mshindi.
Bao la ugenini: bao unalofunga ukiwa kwa wenyeji wako. Kwa miaka mingi, timu mbili zikilingana mabao baada ya mechi mbili, iliyofunga mengi zaidi ugenini ndiyo iliyopita.
Mchezaji wa kulipwa: anayecheza kwa mkataba na mshahara.

Mfano wa bao la ugenini tunao wa nyumbani. Mwezi wa Aprili 2016, timu yetu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, ilitoka sare ya 2-2 na Algeria huko Algeria, kisha sare ya 1-1 hapa Kenya. Jumla ni 3-3. Lakini Kenya ilikuwa na mabao mawili ya ugenini, Algeria moja. Kwa hesabu hiyo ndogo, Starlets walikwenda Cameroon mwaka huo kucheza Kombe la Afrika kwa mara yao ya kwanza. Walishindwa mechi zote tatu, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Anayesema hesabu haina faida mpelekeeni mfano huu.

3. SHIKANGWA NI NANI?

Jentrix Shikangwa ni mshambuliaji. Alikulia kisoka katika shule ya upili ya wasichana ya Wiyeta, kaunti ya Trans Nzoia, shule ambayo jina lake likitajwa katika michezo ya shule za upili, timu nyingine huanza kufunga viatu vizuri. Tuliweke hilo akilini: ngazi yake ya kwanza ilikuwa uwanja wa shule, si wa taifa.

Mwaka uliomtambulisha ni 2019. Starlets walikuwa wakitafuta nafasi ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Walikutana na Ghana, timu yenye sifa kubwa Afrika. Huko Accra walitoka 0-0. Waliporudiana hapa Kenya mwezi wa Oktoba, dakika 90 zikaisha bila bao. Wakaingia muda wa nyongeza, miguu mizito, kila mtu akifikiria penalti. Ndipo Shikangwa akatikisa wavu. Kenya 1, Ghana 0. Marehemu Leonard Mambo Mbotela angekuwa kwenye redio siku hiyo, nadhani betri za nchi nzima zingekwisha!

Raundi iliyofuata ilikuwa dhidi ya Zambia. Sare ya 2-2 nyumbani, kisha kushindwa 1-0 huko Lusaka. Safari ikakoma. Tazameni tofauti ilivyo ndogo: bao moja. Zambia waliendelea hadi Tokyo, na huko mwaka 2021 mshambuliaji wao Barbra Banda akafunga mabao matatu katika mechi mbili mfululizo, dhidi ya Uholanzi na Uchina. Dunia ikamjua. Leo anachezea Orlando Pride ya Marekani, aliyojiunga nayo mwaka 2024. Sisemi Shikangwa angefanya kama Banda. Ninasema Banda alipata mechi hizo, na Shikangwa hakuzipata.

Hata hivyo mwaka ule haukuisha vibaya. Mwezi wa Novemba 2019 Starlets walisafiri hadi Dar es Salaam kwa mashindano ya CECAFA. Waliwafunga Djibouti 12-0, na hawakufungwa hata bao moja katika mashindano yote. Fainali ilikuwa dhidi ya wenyeji, Tanzania, waliokuwa wamelitwaa kombe hilo mwaka 2016 na 2018. Kenya ilishinda 2-0, na mabao yote mawili yalikuwa ya Shikangwa. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Starlets katika CECAFA, nao waliupata mbele ya mashabiki wa wenzao. Kwa hivyo hata tuzo hiyo aliichezea ugenini.

Baadaye alichezea Vihiga Queens, timu iliyokuwa bingwa wa Kenya mwaka 2017, 2018 na 2019. Mwezi wa Septemba 2021 Vihiga waliwashinda CBE ya Ethiopia 2-1 na kuwa mabingwa wa vilabu vya eneo letu, wakaenda Cairo kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake, iliyokuwa ikifanyika kwa mara ya kwanza kabisa. Hawakuvuka hatua ya makundi, lakini huko Cairo wachezaji wetu walitazamwa na watu wa mbali.

4. UTURUKI

Baada ya hapo Shikangwa alijiunga na Fatih Karagümrük ya Istanbul. Karagümrük ni jina la mtaa mkongwe wa jiji hilo, na klabu yenyewe iliundwa mwaka 1926. Ni kama sisi tunavyosema Mathare United: mtaa umezaa timu.

Hakuwa Mkenya wa kwanza kupita huko. Esse Akida, mshambuliaji aliyeifungia Kenya bao dhidi ya Mali katika yale mashindano ya Cameroon 2016, alichezea Spedag na Thika Queens hapa nyumbani, kisha Ramat HaSharon ya Israeli, Beşiktaş ya Istanbul na PAOK ya Ugiriki. Ukiitazama ramani, utaona Akida alizunguka nusu ya bahari ya Mediterania akiwa na viatu vya mpira begani.

Hapa nataka wanachama wa Kiswahili watege masikio. Mkenya akifika Uturuki hakuti lugha ngeni yote. Waturuki, kama sisi, walichota maneno mengi katika Kiarabu. Kitabu kwao ni "kitap". Kalamu ni "kalem". Saa ni "saat". Habari ni "haber". Askari ni "asker". Na dakika, wapenzi wasomaji, kwao ni "dakika" vile vile! Mshambuliaji wetu akiwa uwanjani Istanbul, mkufunzi akipiga kelele kwamba zimebaki dakika tano, angalau neno hilo moja halihitaji mkalimani.

Je, Uturuki ni pepo ya soka ya wanawake? La. Ligi yao ya wanawake ilianza msimu wa 1993-94. Mwaka 2003 ikasimamishwa, na haikurudi hadi 2006. Fikirini: msichana aliyekuwa na miaka 16 ligi ilipofungwa alikuwa na miaka 19 ilipofunguliwa. Miaka mitatu ambayo mshambuliaji hujifunza kutulia mbele ya lango ilipita bila mechi za ligi, na hakuna awezaye kumrudishia.

Lakini nchi ile ilijifunza. Mwezi wa Septemba 2011, Fenerbahçe ilipoadhibiwa kwa fujo za mashabiki wake, badala ya kuucheza mchezo katika uwanja mtupu, wanawake na watoto wa chini ya miaka 12 waliruhusiwa kuingia. Walijitokeza zaidi ya 41,000. Ulikuwa mchezo wa wanaume, lakini watu waliona kwamba wanawake ni wapenzi wa mpira kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2021 vilabu vikubwa, Galatasaray na Fenerbahçe, vikaingiza timu zao za wanawake katika ligi. Klabu kubwa ikiingia huja na uwanja, daktari, basi la timu na mikataba. Hapo ndipo wachezaji wa nje walipozidi kuitwa, na Shikangwa akawa mmoja wao.

5. NYUMBANI MAMBO YALIKUWAJE?

Sasa tujiulize, wakati huo "kwao" palikuwaje?

Novemba 2021 serikali ilivunja uongozi wa shirikisho la soka la Kenya. Februari 2022 Starlets walitakiwa kucheza na Uganda kutafuta nafasi ya Kombe la Afrika. Hawakucheza. Uganda wakapita bila jasho, wakaenda Morocco mwaka huo. Mwezi huo huo wa Februari FIFA ikaifungia Kenya kushiriki mashindano ya kimataifa, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi mwisho wa Novemba 2022. Sitaingia katika siasa za nani alikosea, maana mlezi ataikata makala yangu kwa kalamu nyekundu. Ninachosema ni kwamba wasichana wale hawakuwa wamekosa lolote, na walikaa karibu mwaka mzima bila timu ya taifa.

Mwaka huo huo wa 2022 Shikangwa alitoka Uturuki akajiunga na Simba Queens ya Tanzania. Simba Queens wakatwaa ubingwa wa vilabu wa CECAFA, kisha wakashika nafasi ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika huko Morocco. Mwajua maana yake? Mwaka ambao vilabu vya Kenya vilikuwa vimefungiwa mlango, mshambuliaji Mkenya alikuwa na pa kuchezea kwa sababu alivaa jezi nyekundu ya Dar es Salaam. Jirani ndiye aliyemtunza.

Haki itendeke, nyumbani pia kumekucha. Mwaka 2024 timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, ilikuwa timu ya kwanza kabisa ya Kenya ya mpira wa miguu kucheza Kombe la Dunia. Walikwenda Jamhuri ya Dominika, wakafungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, lakini wakawashinda Meksiko 2-1. Hao ni wasichana wa umri wetu! Na Oktoba 2025 Starlets waliwashinda Gambia kwa jumla ya mabao 4-1, wakafuzu tena Kombe la Afrika, mara ya kwanza tangu ile ya 2016.

6. HAPA MANGA

Nirudi sasa kwetu, mlimani. Anayeujua uwanja tunaofanyia mazoezi anajua una mteremko. Ukipiga shuti hafifu kuelekea chini, mpira unaweza kuendelea peke yake hadi kwenye chai ya watu. Silalamikii mteremko, umenifunza kukimbia. Ninachotaka kueleza ni hesabu.

Mwaka huu niliandika katika daftari kila mechi niliyocheza. Mechi halisi, yenye refa na wapinzani. Zilikuwa saba. Wavulana wa timu yetu walicheza zaidi ya ishirini. Wao wana siku zao za uwanja, sisi tuna siku ambazo wao wamechoka. Simlaumu mtu. Ndivyo tulivyoikuta.

Nina binamu ambaye ananishinda kwa mbio na kwa mguu wa kushoto. Tulicheza pamoja tukiwa darasa la sita, na kila mtu alisema yeye ndiye mchezaji, mimi ni msindikizaji. Alipoingia kidato cha kwanza katika shule moja ya kutwa, hakukuta timu ya wasichana. Alingoja mwaka mmoja. Mwaka wa pili akaacha kungoja. Jumamosi sasa humsaidia shangazi kupeleka ndizi sokoni. Juzi nilimuuliza kama hataki kurudi uwanjani, akacheka, akasema, "Nirudi wapi? Kwani nilikuwa nimeenda?" Nilikosa jibu, na mimi si mtu wa kukosa maneno.

Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemtukana. Alinyimwa mechi tu, na mshambuliaji asiye na mechi ni kama mwimbaji asiye na sauti. Kila bao la Shikangwa nililolitaja hapo juu limejengwa juu ya mechi nyingi ambazo hakuna gazeti lililoziandika.

7. SARUFI YA METHALI

Nilipokuwa nikiandika sehemu hii ndipo jibu lilinijia, na lilitoka katika kipindi cha sarufi. Tazameni neno "hutunzwa". Lina sehemu tatu. "Hu-" inaonyesha mazoea, jambo la kila mara. "-tunz-" ni mzizi. Na "-wa" mwishoni ni kauli ya kutendwa.

Kauli ya kutendwa ina ujanja wake. Humtaja anayetendewa, ikamficha mtendaji. Tukisema "mpira ulipigwa", aliyepiga hajulikani. Basi methali ikisema mcheza kwao hutunzwa, tumuulize mhenga: hutunzwa na nani?

Jibu ni moja tu: na watu wa kwao. Na sisi. Tumezoea kuitumia methali hii kama agizo kwa mchezaji, abaki asiende. Kumbe nusu yake ya pili ni agizo kwa wenyeji! Ngoma haiwezi kutuzwa ikiwa hakuna aliyefagia kiwanja, hakuna aliyewamba ngoma, na watazamaji wamekwenda zao. Mwenyeji asipofanya sehemu yake, mchezaji akaondoka, asilaumiwe mchezaji. Shikangwa hakuikiuka methali. Alicheza mahali palipokuwa na uwanja.

8. NILIVYOMJIBU BABA

Wikendi ya katikati ya muhula nilikwenda nyumbani na daftari langu. Nilimsomea baba habari za Ghana, Dar es Salaam na Istanbul. Alisikiliza. Nilipofika kwenye sarufi, akasema, "Hii ni shule sasa." Kisha akauliza, "Kwani hapa hutunzwi?"

Nikamwambia, "Baba, hapa sichezi. Mara saba kwa mwaka. Nitatunzwaje?"

Mama, aliyekuwa akimenya viazi, akasema bila kuinua macho, "Na wewe baba yake, hizo saba umeona ngapi?" Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko muda wa nyongeza.

Juma lililopita mwalimu wa michezo alitukubalia mechi ya kirafiki na majirani zetu. Ilinyesha, kama kawaida ya hapa. Katika kipindi cha pili niliona mwavuli mweusi nyuma ya lango la juu, na chini yake viatu vya mpira ninavyovijua. Sikufunga. Nilipiga mwamba mara moja, na mara moja nikaotea. Tulitoka 0-0. Mechi ilipokwisha baba alikuja, akanipa mkono kama anavyosalimia wazee wenzake, na kiganjani mwangu akaacha noti ya shilingi mia moja iliyolowa. "Haya," akasema, "umetunzwa."

Kuhusu ile shule ya mbali, bado hatujamaliza kuzungumza. Lakini mwalimu wa michezo amesema muhula ujao wasichana watakuwa na Jumanne na Alhamisi zao uwanjani, na ninaandika hapa ili mwanafunzi yeyote aweze kumkumbusha kwa heshima. Naye binamu yangu nimemwalika Jumamosi ya kwanza ya likizo. Nimemwambia alete ule mguu wake wa kushoto, ndizi zitangoja.

ZOEZI

1. Tofautisha maana mbili za kitenzi "kutunza", ukitunga sentensi moja kwa kila maana.
2. Geuza katika kauli ya kutendwa, kisha ueleze ni nani aliyefichwa: "Shirikisho limeahirisha mechi ya wasichana."
3. Timu A na B zilitoka sare ya 1-1 kwa A, kisha sare ya 0-0 kwa B. Kwa kanuni ya bao la ugenini, ni ipi iliyopita? Eleza.
4. Taja maneno matano ya Kiswahili yanayofanana na ya Kituruki, na ueleze asili yake.
5. "Anayeondoka kwao kutafuta riziki ameisaliti methali." Jadili, ukitumia mifano kutoka eneo lako.
6. Taja wachezaji watatu wa kike wa mchezo wowote kutoka Kisii au Nyamira. Ukishindwa, usiandike "sijui". Nenda ukaulize.

Majibu yaletwe kwa mlezi wa chama. Swali la sita yaletwe kwangu.

Wenu katika lugha na katika kabumbu,
Nambari 9, Kidato cha Tatu.